Tusiwaite wakaidi watumishi wanaosubiri kuambiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa sisi wakazi wa Dodoma limekuwa sehemu ya maisha tangu Serikali ilipohamia hapa, nalo ni namna taasisi zetu zinavyoendesha mabadiliko ya utendaji kazi. Nimetumikia idara za utumishi na utawala kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hata baada ya kustaafu nimeendelea kukaa na vijana walioko kwenye ofisi hizo na kuwasikiliza. Kila mfumo mpya unapoingia, kila idara inapounganishwa na nyingine, kila ofisi inapotoka katikati ya mji kwenda Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, kauli ya kwanza ya viongozi ni kwamba watumishi hawapendi mabadiliko. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi. Kwa maoni yangu si ya kweli, na gharama yake inalipwa na mwananchi anayeambiwa arudi kesho.

Watafiti wa ubongo wamejifunza mambo ya kutosha katika miaka thelathini iliyopita kutuwezesha kuangalia jambo hili kwa jicho jingine. Tunachokiita ukaidi mara nyingi ni ubongo wenye afya unaofanya kazi yake ya kawaida katika mazingira ambayo haujapewa taarifa, haujapewa muda wa mazoezi, wala haujaachiwa chochote cha kuamua. Hayo matatu yako mikononi mwa mkuu wa taasisi, na hakuna hata moja linalohitaji mashine ya kupiga picha za ubongo.

Naanza na taarifa, kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi. Kazi kubwa ya ubongo ni kukadiria kitakachofuata. Wolfram Schultz, aliyechunguza seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi, katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda, aligundua kwamba seli hizo zilisisimka pale tone lilipokuja bila kutarajiwa, hazikubadilika lilipokuja kama lilivyotarajiwa, na zilipunguza kasi yake lilipotarajiwa lakini lisije. Maelezo ya matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1997 pamoja na Peter Dayan na Read Montague, ni kwamba seli hizo hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Sisemi kwamba mtumishi ni nyani, lakini kila aliyewahi kukaa dawati la utumishi anajua kwamba fedha za uhamisho zilizoahidiwa Septemba na zisionekane hadi Januari huvunja moyo kuliko fedha ambazo hazikuahidiwa kabisa.

Jaribio jingine linatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwachukua watu 45 na kuwachezesha mchezo wa kompyuta wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna. Nyoka alipokuwepo, mshiriki alipigwa shoti ya umeme yenye maumivu mkononi. Uwezekano wa kumkuta nyoka ulibadilishwa mara kwa mara, na watafiti walipima jasho la ngozi na upanukaji wa mboni za macho. Msongo ulikuwa mkubwa kuliko wote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyekuwa na uhakika kwamba shoti inakuja alikuwa na utulivu kuliko yule aliyekuwa hajui kama inakuja au haiji.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kwenda London kuyathibitisha hayo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tuliyoizoea kwa jina la CDA. Ikapita miaka arobaini na zaidi. Wapo watumishi walioajiriwa, wakapanda madaraja na kustaafu wakiwa Dar es Salaam huku wakiambiwa kwamba safari ya Dodoma iko njiani. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahama, na safari hii ngazi zilionekana: Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Katikati ya vipindi hivyo wizara na taasisi zilikuja kwa awamu, nami nilipata nafasi ya kuzungumza na watumishi wengi wakati ule. Tofauti kubwa niliyoiona haikuwa kati ya waliotaka kuja na wasiotaka. Ilikuwa kati ya aliyekuwa na barua yenye tarehe na aliyeambiwa ajiandae, atajulishwa. Mwenye barua alikuwa na shida zake, lakini zilikuwa shida za kutafuta chumba Nkuhungu, kuulizia kiwanja Iyumbu na kumwombea mtoto nafasi ya shule. Aliyeambiwa atajulishwa hakuweza kulipa kodi ya mwaka kule alikokuwa wala kutafuta nyumba huku alikokuwa akienda, na ofisini alikaa akizungumza uvumi, kwa sababu uvumi ndiyo taarifa pekee iliyompatia kitu cha kukadiria.

Najua viongozi wengi watajibu kwamba wao wenyewe hawana tarehe, wanasubiri maelekezo kutoka juu. Hilo ni kweli mara nyingi. Lakini asiyejua tarehe ya jambo anaweza kutoa tarehe ya taarifa. Nimewahi kumsikia mkuu mmoja wa idara akiwaambia watumishi wake kwamba bado hajui ni sehemu gani itaunganishwa na ipi, ila tarehe 15 ya mwezi unaofuata saa nne asubuhi atasimama palepale ukumbini awaeleze uamuzi umefikia wapi, hata kama haujafika popote. Tarehe 15 alisimama, akasema hakuna jipya, akataja tarehe nyingine. Watu walitoka pale wakarudi kwenye madawati yao. Hakutumia shilingi moja, na naamini alifanya kazi ambayo semina ya siku tatu isingeweza kuifanya.

Jambo la pili ni mazoea, na hapa naomba Mhariri univumilie, kwa kuwa ndipo lawama zinapowaangukia watumishi wa ngazi za chini. Katika taasisi moja hapa jijini ambayo sina sababu ya kuitaja, masjala ilihamishwa kutoka kwenye majalada ya karatasi kwenda kwenye mfumo wa ofisi mtandao. Nilipopita pale wiki kadhaa baadaye nilimkuta karani wa masjala, mama mtu mzima aliyejua namba za majalada kwa kichwa, akifanya kazi kwa utaratibu uliowaudhi sana wakubwa zake. Barua iliingia kwenye mfumo. Yeye akaichapa, akaitoboa, akaifunga kwenye jalada, akaiandika namba ya folio, yaani ya ukurasa wa jalada, kwa kalamu nyekundu pembeni, akampelekea bosi wake aandike maelekezo kwa mkono, kisha akaipiga skana na kuirudisha kwenye mfumo. Kazi ya dakika tano ikawa ya nusu saa. Afisa wake aliniambia mbele yake kwamba mama huyu anahujumu mfumo. Mama yule hakujibu. Alinyanyuka, akafungua kabati kwa mkono wa kushoto bila kutazama, akatoa jalada alilolitaka, akaketi.

Kitendo kile cha kufungua kabati bila kutazama ndicho kinachoeleza kila kitu. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na sehemu yake ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotumika kufikiri jambo jipya, inaweza kushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja; Nelson Cowan mwaka 2001 alikadiria kuwa ni kama manne. Kwa hiyo jambo linalorudiwa kila siku hukabidhiwa sehemu za ndani zaidi zinazoitwa bazali ganglia. Ann Graybiel na wenzake wa chuo cha MIT nchini Marekani waliwarekodi panya waliokuwa wakijifunza njia ya kufikia chakula. Mwanzoni seli za sehemu hiyo zilikuwa zikifanya kazi safari nzima. Panya walipozoea, seli zilisisimka mwanzoni na mwishoni mwa safari tu, na katikati yake safari ikawa inakwenda yenyewe. Kwenye matokeo waliyoyatoa mwaka 2005 kuna jambo ambalo kila anayesimamia mfumo mpya angepaswa kulijua: zawadi ilipoondolewa, mpangilio huo wa seli ulififia, lakini ilipowekwa tena ulirejea haraka. Mazoea ya zamani hayafutiki, yanalala. Ndiyo maana siku mtandao unapokatika, ofisi nzima, pamoja na huyo afisa anayelaumu, hurudi kwenye karatasi ndani ya saa moja. Wazee walisema mazoea yana taabu, nao hawakuwa wakimsema mtu mkaidi.

Yule karani hakuwa akihujumu chochote. Alikuwa na ujuzi wa miaka mingi uliokwisha kuingia mikononi, akapewa mafunzo ya siku mbili ukumbini, mbele ya skrini iliyoendeshwa na mtu mwingine, akapewa nywila, akaambiwa aanze Jumatatu. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake kule London, uliofuatilia watu 96 waliojichagulia zoea moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, ulikadiria kwamba kwa wastani zilihitajika siku 66 zoea hilo lifanyike bila kujilazimisha, na kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Hayo ni mambo mepesi kama kunywa maji baada ya chakula. Kubadili mtiririko mzima wa barua, dokezo sabili (maandishi ya ndani ya ofisi), kuidhinisha na kuhifadhi hakuwezi kuwa kwepesi kuliko kunywa maji. Utafiti huohuo uligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo, na hilo lingetosha kumzuia msimamizi asimwandikie mtu barua ya kujieleza kwa sababu ya kuchapa karatasi mara moja.

Wala umri si hoja. Eleanor Maguire, aliyewachunguza madereva teksi wa London wanaolazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni, alifuatilia pamoja na Katherine Woollett wanafunzi 79 wa udereva huo. Waliofaulu walikuwa 39, na kwao sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo hushughulika na kumbukumbu za mahali, iliongezeka. Kwa walioshindwa haikuongezeka. Matokeo hayo ya mwaka 2011 yalitoka kwa watu wazima, na mafunzo yao yalichukua miaka mitatu hadi minne. Mtu mzima hujifunza. Anachohitaji ni muda na sababu ya kurudia.

Jambo la tatu ni sauti ya mtumishi katika mabadiliko yenyewe, na hili nalipa uzito wa pekee. Mwaka 1967 Steven Maier na Martin Seligman walichapisha majaribio mashuhuri yaliyoonyesha kwamba wanyama waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia waliacha hata kujaribu kujiokoa baadaye, na kwa miaka mingi ikasemwa kwamba wamejifunza unyonge. Watafiti haohao, baada ya kuchunguza mishipa na seli zinazohusika, waliandika mwaka 2016 kwamba waliigeuza hadithi. Kukaa kimya mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali ya asili ya mnyama, haifundishwi. Kinachofundishwa ni kujua kwamba una uwezo wa kubadili jambo, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoutambua uwezo huo na kuituliza sehemu ya chini inayoleta kukata tamaa. Nimesoma hilo mara nyingi, kwa sababu linaeleza ukimya ninaoujua wa vikao vingi, pale mwenyekiti anapouliza kama kuna swali na watu sitini wanatazama meza.

Ushahidi wa upande wa afya nao ni mzito, na unawahusu watumishi wa umma hasa. Uchunguzi wa pili wa Whitehall, ulioanza mwaka 1985 London chini ya Michael Marmot, uliwafuatilia watumishi 10,308 wa serikali ya Uingereza. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 yalionyesha kwamba waliokuwa na mamlaka kidogo juu ya kazi zao waliugua moyo zaidi kuliko waliokuwa na mamlaka makubwa.

Sisi hatuna haja ya kubuni chombo kipya cha kuwapa watumishi sauti. Tulikuwa nacho kabla wengi wa wakuu wa leo hawajazaliwa: mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na yapo hadi leo. Kasoro ni kwamba baraza huitwa kupitisha makisio ya bajeti, likala chakula cha mchana na kuahirishwa, ilhali mfumo mpya hulifikia ukiwa umekwisha kununuliwa, umekwisha kuzinduliwa na jina lake limekwisha kuchapwa kwenye fulana. Siombi baraza lipewe kura ya kuukataa mfumo ambao Serikali imeamua. Naomba lipewe yale ambayo kwa haki ni yake: ni sehemu gani ianze, nani awe mwalimu wa wenzake, saa zipi za siku zitengwe kwa mazoezi, na fomu ipi ya zamani ife kwanza. Maamuzi hayo ni madogo kwa mkurugenzi, lakini kwa karani ndiyo siku yake yote.

Kuhusu vitisho nitasema kwa ufupi. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameonyesha kwa miaka mingi kwamba msongo mkali humwaga kemikali ambazo hudhoofisha kazi ya ile sehemu ya mbele ya ubongo, na kumwachia mtu mazoea yake ya zamani. Anayewafokea watumishi asubuhi ya kuzindua mfumo kwamba asiyeweza aondoke, anawazimia sehemu ileile ya ubongo wanayoihitaji kuujifunza.

Pamoja na hayo yote, Mhariri, nina hofu na namna sayansi hii inavyouzwa. Tangu David Rock na Jeffrey Schwartz walipoandika mwaka 2006 kuhusu ubongo na uongozi, imezaliwa biashara kubwa duniani ya kozi na vyeti. Rock alipendekeza mwaka 2008 kwamba watu huguswa na mambo matano, yaani hadhi, uhakika, uhuru wa kuamua, ukaribu na haki, na kama orodha ya kumkumbusha kiongozi naiona nzuri. Lakini kuna wakufunzi wanaopita na michoro ya ubongo wa mjusi uliofunikwa na ubongo wa mnyama na juu yake ubongo wa binadamu, mchoro ambao wanasayansi wa mageuzi ya ubongo walikwisha kuukataa, na wengine wanaodai kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, dai ambalo halina msingi wowote. Deena Weisberg na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba maelezo mabovu hupokewa vizuri zaidi yakipambwa na maneno ya ubongo, hata kama maneno hayo hayaongezi chochote. Watu wa kawaida walidanganyika, wanafunzi wa somo lenyewe walidanganyika, wataalamu tu ndio hawakudanganyika. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aliyekufa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwonyesha picha za watu, na kwa hesabu zisizosahihishwa ipasavyo mashine ikaonyesha sehemu za ubongo wake kana kwamba zinafanya kazi. Afisa ugavi anayepokea zabuni ya mafunzo yenye picha za rangi za ubongo na amkumbuke samaki huyo.

Hata takwimu inayotajwa karibu kila semina, kwamba asilimia 70 ya mabadiliko hushindwa, Mark Hughes aliifuatilia mwaka 2011 na hakupata ushahidi wa kuiunga mkono. Mimi mwenyewe nakubali kwamba mengi ya majaribio niliyoyataja yalifanyika maabara, kwa wanyama, au kwa watu wa mji mmoja wa Ulaya, na ofisi ya Mtumba si maabara. Hayamwambii mkurugenzi afanye nini Jumatatu. Yanamnyima tu kisingizio cha kusema kwamba tatizo ni tabia za watu wake.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, na makisio ya mifumo mipya huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi langu kwa wanaoandaa makisio hayo ni moja na linatekelezeka: kila mradi wa mfumo uwe na fungu la kumfuata mtumishi kwenye dawati lake kwa angalau miezi mitatu baada ya uzinduzi, na fungu hilo litumike kumlipa karani mwenzake aliyetangulia kuujua mfumo, aketi naye pale masjala, barua halisi zikiingia na simu zikiita, hadi siku atakapoacha kuchapa kwa hiari yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumishi mstaafu,
Ipagala, Dodoma